Jino lilinyamaza, nikadhani limepona: uzoefu wangu wa kutibiwa mzizi wa gego

Nianze na alama kwa ajili ya wenye haraka: matibabu ya mzizi wa jino, yale wengi tunayaita ruti kanali, nayapa nane kwa kumi. Katika mbili nilizokata, moja ni ya daktari na nyingine ni yangu mwenyewe.

Jino lenyewe ni gego la kwanza la chini, upande wa kulia. Liliwahi kuzibwa miaka mingi nyuma, na pembeni ya kile kizibo pakaanza kuoza upya bila mimi kujua. Mwanzoni lilikuwa linashtuka tu nikinywa maji baridi, sekunde mbili tatu, basi. Baadaye likawa likishtuka halitulii. Kinywaji cha moto ndicho kikawa adui mkubwa, na usiku nikilaza kichwa linapwita sambamba na mapigo ya moyo. Nililala nimekaa siku nne, nikimeza vidonge vya maumivu. Siku ya tano nikaamka, kimya. Nikagonga kwa ulimi, kimya. Nikashukuru, nikaendelea na shughuli zangu.

Kumbe jino halikupona, lilikufa. Ndani ya jino kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, nacho kimefungiwa katika kuta ngumu. Kikivimba hakina pa kutanukia, kinajibana chenyewe mpaka damu inashindwa kupita. Kikishakufa hakuna tena cha kulia. Wiki kadhaa baadaye kikatokea kipele kwenye fizi, chini ya gego hilohilo. Kila baada ya siku chache kinapasuka, nasikia ladha ya chumvi mdomoni, halafu kinajaa tena. Hicho ndicho kilichonipeleka kwa daktari, maana maumivu hayakuwepo.

Kipimo alichonifanyia sitakisahau. Alichukua kibonge cha pamba, akakipulizia dawa ya baridi kali, akakigusisha kwenye gego la jirani. Niliruka. Akakigusisha kwenye gego lenye kipele: hakuna kitu, kama amegusa ukucha. Nikatabasamu.

"Husikii chochote?"

"Sisikii, daktari."

"Pole. Basi ndilo hilo."

Halafu akaligonga kidogo kwa mpini wa kile kioo chao, na kisigino changu kikanyanyuka kwenye kiti. Picha ya eksirei ilionyesha doa jeusi kwenye ncha ya mzizi, mahali ambapo mfupa ulikuwa umeliwa. Nikamwomba dawa ya vijiuavijasumu niende zangu. Akanieleza kwa upole kwamba dawa husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa damu haiingii. Vidonge vingeweza kuutuliza uvimbe kwa muda, lakini bakteria wangebaki nyumbani kwao. Nilikuwa na njia mbili tu: kung'oa au kusafisha mzizi.

Kung'oa nakujua. Gego la kushoto nililing'oa ujanani, na kwa haki ya Mungu si jambo la kutisha: ganzi, kusukumwasukumwa, sauti ya kitu kinachokwanyuka, kipande cha shashi unakiuma kama nusu saa, kwisha. Tabu huja taratibu baadaye. Jino la nyuma limelalia pengo, la juu limeanza kushuka kutafuta mwenzake, na mabaki ya chakula yamepata makazi. Sikutaka kurudia hayo upande wa kulia.

Sasa matibabu yenyewe. Sindano ya ganzi ya taya la chini hupigwa nyuma kabisa, karibu na pembe ya taya, na baada ya dakika chache nusu ya mdomo na ulimi huwa si mali yako. Moyo ulinienda mbio kidogo. Daktari alikuwa amenionya mapema kwamba ni ile adrenalini inayochanganywa kwenye dawa ili ganzi ikae, na ikatulia upesi. Kisha akanivalisha karatasi ya mpira, jino moja tu likachungulia kupitia tundu lake. Nilidhani nitakosa pumzi, lakini unapumua kwa pua kama kawaida, na mpira huo ndio unaozuia mate yasiingie kwenye jino na vifaa visidondokee kooni.

"Ukisikia maumivu, inua mkono wa kushoto," akasema. Niliuinua mara moja, na aliacha papo hapo. Kwa hilo peke yake ningempa kumi.

Kilichonishangaza ni udogo wa kazi. Baada ya kutoboa juu ya jino, mashine kubwa ikanyamaza, akaanza kutumia visindano vyembamba vyenye vishikio vya rangi, amevichomeka kwenye kisifongo kidogo. Anachukua kimoja, anakizungushazungusha ndani ya mfereji wa mzizi, anakirudisha, anachukua kingine kinene zaidi. Kuna kifaa kinacholia "pii, pii" kwa kasi inayoongezeka kadiri sindano inavyokaribia ncha ya mzizi. Ndivyo anavyojua asipitilize. Katikati anasuuza kwa dawa inayonuka kama ile ya kung'arishia nguo nyeupe, na kweli ni jamaa yake. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili na mifereji mitatu, ila mengine yana wa nne, na huyu daktari aliutafuta huo wa nne hadi akauona. Saa moja na nusu. Jino halikuuma hata kidogo. Taya ndilo lililouma, kwa kuachama.

Akaweka dawa ndani, akafunga kwa kizibo cha muda, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Na hapa ndipo nilipojikata alama yangu. Siku tatu za mwanzo kulikuwa na uchungu kidogo nikiuma, kisha kipele kikakauka, jino kimya. Nikasema, la nini kurudi? Nilikaa miezi mitatu. Kizibo cha muda kimetengenezwa kwa wiki chache tu. Cha kwangu kilimeguka pembeni, mate yakapenya, na siku moja ladha ya chumvi ikarejea. Jino lilelile lilininyamazia mara mbili, na mara zote mbili nikaamini ukimya. Daktari hakunigombeza. Alifungua tu upya, akaanza kusafisha kana kwamba hatujawahi kuonana, nami nikalipia tena.

Safari ya mwisho mifereji ilikuwa mikavu, akaijaza kwa gutapacha, utomvu wa mti unaolainika ukipashwa moto, kisha akaziba kwa ile simiti nyeupe inayogandishwa kwa mwanga wa buluu. Nikainuka nikidhani nimemaliza.

Alama ya daktari nimeikata hapo. Ni mlangoni kabisa ndipo aliponiambia kwamba gego lililotibiwa mzizi linahitaji kuvishwa kofia, kwa sababu limebaki kuta nyembamba na linaweza kupasuka likiuma kitu kigumu. Habari hiyo, pamoja na gharama yake, ilipaswa kuwepo siku ya kwanza, tulipokuwa tunapima kung'oa na kutibu. Ukienda, uliza mapema: safari ngapi, na kofia ipo au haipo ndani ya hesabu.

Kofia niliichukua. Jino linachongwa pande zote, linapigwa chapa kwa uji mzito unaoganda mdomoni, unavaa ya muda mpaka ya kudumu iwe tayari. Yangu ya kwanza ilikaa juu mno, nikahisi nimeuma kokoto. Usivumilie hali hiyo. Nilirudi kesho yake, nikauma kikaratasi cha wino, akaona nukta ya buluu ilipojikusanya, akasaga kidogo sana, na kokoto likatoweka.

Siku hiyohiyo nilisafishwa meno yote. Ugaga uliotoka nyuma ya meno ya mbele ya chini ulikuwa mgumu kama chokaa, na kwa siku mbili ulimi haukuacha kupapasa mianya mipya. Watu husema kusafishwa kunalegeza meno. Mimi yangu yamekaa palepale.

Picha ya baada ya mwaka mmoja inaonyesha doa jeusi limefifia, mfupa umejijaza. Maji baridi upande wa kulia nayanywa bila kusikia lolote, na safari hii sababu naijua. Daktari keshaanza kulitazama pengo la kushoto na kutaja jino la kupandikiza. Nimemwomba mwezi mmoja nilipumzishe taya, na tarehe ameniandikia yeye mwenyewe, kwa sababu ananijua.