Jozani kwa Kiswahili: tathmini ya matembezi ya msituni, mikokoni na vijijini

Nimekwenda msitu wa Jozani, Unguja, mara mbili, na tofauti kati ya safari hizo mbili ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Mara ya kwanza nilipelekwa na kampuni moja ya utalii ambayo ilituahidi nusu siku ikatupa saa moja, kwa kuwa dereva alikuwa na ratiba ya kutuwahisha ufukweni. Tuliwaona kima, tukawapiga picha, tukaondoka. Mara ya pili nilipanda daladala ya Makunduchi, nikashuka mbele ya lango, nikakata tiketi ambayo ndani yake huduma ya mwongozaji imekwishahesabiwa, kisha nikaomba jambo moja tu: nitembezwe kwa Kiswahili, bila haraka.

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ndiyo hifadhi ya taifa pekee katika Zanzibar. Ilipata hadhi hiyo mwaka 2004, ina eneo la takriban kilomita za mraba 50, na mwaka 2016 UNESCO iliitambua pamoja na maeneo yanayoizunguka kuwa Hifadhi Hai, yaani eneo ambamo viumbe vya asili na maisha ya wenyeji hulindwa pamoja. Ipo kusini mashariki mwa mji wa Zanzibar, kwenye shingo nyembamba ya kisiwa cha Unguja, ambapo Ghuba ya Chwaka inaingia kutoka kaskazini na maji ya upande wa kisiwa kidogo cha Uzi yanaingia kutoka kusini. Mgeni anayetarajia simba na tembo asije huku. Mnyama mkubwa wa Unguja alikuwa chui, ambaye leo huonekana zaidi katika simulizi za wazee kuliko katika njia za msituni.

Kinachoufanya msitu huu uwe kama ulivyo ni maji yaliyo chini ya ardhi. Sehemu kubwa ya ukanda huu ni maweni, yaani mwamba wa matumbawe wenye udongo haba, ambapo vichaka huota vifupi na vigumu. Lakini Jozani ni bonde: udongo umejikusanya, maji yako karibu sana na uso wa ardhi, na wakati wa masika hupanda hadi yakafunika sakafu ya msitu. Ndiyo maana mtu anayetoka kwenye jua la barabarani anajikuta ghafla chini ya miti mirefu, katika ubaridi na harufu ya majani yaliyooza, na ndiyo maana pia huona miti mikubwa iliyolala na mizizi yake yote nje, kwa sababu mti unaopata maji karibu hauna haja ya kuzamisha mizizi mbali, na upepo mkali ukija hauna cha kuushikilia.

Hapo ndipo Kiswahili kilipoanza kulipa. Safari ya kwanza mwongozaji wetu alitaja majina ya kisayansi na idadi ya spishi kwa lugha ya kigeni, na sikubaki na lolote. Safari ya pili kila mti ulikuja na jina lake na kazi yake. Mtondoo, ambao ndio mti mkubwa wa sehemu zenye maji, niliujua kwa mbao zake za vyombo vya baharini na kwa mafuta ya mbegu zake. Mkindu, ambao nilikuwa nikiupita kila siku bila kuutazama, ndio unaotoa ukindu wa mikeka ya nyumbani kwetu. Mwongozaji alisimama kwenye majani ambayo wazee huyachemsha kwa homa na mengine ya kuogeshea watoto, akaeleza sehemu gani huchumwa na ipi huachwa ili mmea usife. Maelezo ya namna hii hayamo katika vibao, na ni vigumu kuyafasiri bila kuyapoteza nusu.

Kima punju, bila shaka, ndiye anayewaleta watu wengi. Kwa asili yake haishi porini popote duniani isipokuwa Unguja. Mgongo wake ni mwekundu, uso mweusi umezungukwa na nywele nyeupe, na mkono wake hauna kidole gumba cha maana. Jina lake linaelezwa kuwa lina maana ya kima wa sumu, kwa harufu yake na kwa imani ya zamani kwamba mti aliolia chakula hufa. Sensa iliyotangazwa mwaka 2017 ilihesabu zaidi ya kima 5,800, idadi iliyozidi makadirio ya awali. Hula majani machanga na matunda mabichi, kwa kuwa tumbo lake haliwezi sukari ya matunda yaliyoiva. Jambo lililonishangaza zaidi ni mkaa: kima wanaolisha mashambani hula majani ya miembe na mikungu, ambayo yana kemikali za kuwadhuru, kisha huenda kwenye matanuri ya mkaa na kuokota vipande vyeusi wavitafune, kwa sababu mkaa huzinasa zile kemikali tumboni. Tanuri linalomtibu kima ndilo linaloula msitu wake.

Ninawasihi wageni wenzangu wasiwasogelee. Kima hawa wamewazoea watu kiasi cha kukaa usawa wa macho, na nilimwona mgeni mmoja akiinama hadi bega kwa bega na mama mwenye mtoto ili apate picha. Maradhi ya binadamu humpata kima kwa urahisi. Madereva nao wapunguze mwendo hata pasipo na matuta, kwani barabara hii imewaua wengi.

Ujia wa mbao unaopita katika mikoko ya Pete, kijiji cha jirani, ni mfupi, lakini ndio sehemu niliyoipenda kuliko zote. Fika wakati maji yamekupwa ili uione mizizi ya mkoko ikiwa imesimama kama miguu, na ubaki hadi maji yaanze kujaa uone samaki wadogo wakiingia kati yake. Mwongozaji alinitofautishia mkoko wenyewe, unaotoa boriti za nyumba zetu za mawe, na mkandaa, ambao gome lake hutoa rangi nyekundu; kisha mlilana unaochongwa mataruma, yaani mbavu, ya majahazi, msinzi, mchu na mkomafi. Mtu wa pwani aliyezoea kuiita yote mikoko ataondoka na msamiati mpya na, naamini, na heshima mpya.

Mchana nilikwenda katika kijiji kimoja cha jirani, kwa utaratibu uliopangwa na wenyeji wenyewe. Sehemu ya mapato ya hifadhi hurudi vijijini kwa shughuli za maendeleo na kwa wakulima ambao mazao yao huliwa na kima, na ni vizuri mgeni ajue kwamba tiketi yake ina kazi hiyo. Wanawake walikuwa wakisuka ukili, yaani utepe wa mkeka, kwa ukindu uliotiwa rangi, mwingine akiunga kili kwa sindano kuwa mkeka. Pembeni bi mkubwa mmoja alikuwa akitwanga makumbi ya nazi yaliyofukiwa kwenye tope la pwani kwa miezi, ili asokote kamba za usumba. Alinipa nijaribu kusokota juu ya paja. Kamba yangu ilikatika mara tatu, naye akaniambia, "Usiibane, mwanangu, iache ijizungushe." Nilinunua mkeka kwake moja kwa moja, na kwa ubora wa mkono ule bei ilikuwa ya haki.

Kwa anayepanga safari: tenga angalau saa nne, vaa viatu vilivyofunika vidole, na uwahi asubuhi, kabla magari ya watalii hayajajaa. Wakati wa masika baadhi ya njia hujaa maji na mbu ni wengi, ingawa msitu huwa mzuri kuliko wakati wowote. Anayeweza kuchagua mwezi achague Julai, kisha aendelee na barabara hiyo hiyo hadi Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jua, ambapo wanaume hupigana kwa magogo ya migomba na kibanda cha makuti huchomwa moto. Huko mgeni hahitaji mwaliko, kwa kuwa wenyeji huona si vyema siku hiyo ipite bila mgeni nyumbani.