ucf: mlinzi wa mafaili ya usanidi kwenye vifurushi vya Debian

Faili la usanidi likiwa lile lile kwa kila mashine, huhitaji ucf. Liweke ndani ya kifurushi chini ya /etc, dpkg (programu inayosakinisha vifurushi vya Debian) italishughulikia. ucf ni ya faili linalotengenezwa papo hapo na postinst (skripti ya kifurushi inayoendeshwa baada ya kusakinisha), kwa mfano lenye jina la mashine au bandari aliyoichagua mtumiaji. Usitumie njia zote mbili kwa faili moja: postinst ikihariri faili ambalo dpkg inalisimamia, sasisho lijalo litamuuliza mtumiaji kuhusu mabadiliko asiyoyafanya. Sera ya Debian inalikataza hilo waziwazi.

Kwenye postinst ya kifurushi kiitwacho mfano, kazi ni mistari miwili:

ucf --three-way --debconf-ok /usr/share/mfano/mfano.conf /etc/mfano.conf
ucfr mfano /etc/mfano.conf

Mstari wa kwanza unalinganisha faili na hashi yake ya MD5 (alama fupi ya yaliyomo) iliyotunzwa katika /var/lib/ucf/hashfile. Mtumiaji asipoligusa faili, jipya huwekwa kimyakimya. Mtunzaji wa kifurushi asipobadilisha chochote, la mtumiaji huachwa. Swali huja pale tu pande zote mbili zimebadilika. Kwa --three-way, toleo la awali huhifadhiwa katika /var/lib/ucf/cache, na mtumiaji anaweza kuunganisha mabadiliko yake na ya mtunzaji. dpkg haina chaguo hilo, na kwangu hii ndiyo sababu kubwa ya kuipenda ucf. --debconf-ok inahitajika kama skripti yako tayari inaendesha debconf, mfumo wa kumuuliza mtumiaji maswali wakati wa kusakinisha. Mstari wa pili unaandikisha kifurushi kinachomiliki faili.

Chanzo (faili la kwanza kwenye amri ya ucf) kisikae /usr/share/doc, maana msimamizi ana haki ya kuifuta saraka hiyo yote. Ukikitengeneza kwa mktemp, kumbuka kinazaliwa na ruhusa 0600 (mmiliki pekee ndiye anayesoma). Usipoweka chmod 0644 kabla ya kuita ucf, huduma isiyoendeshwa na root itashindwa kulisoma faili lake. (Lenye nywila liache 0600, ila mpe umiliki mtumiaji wa huduma.)

Udhaifu mkubwa wa ucf uko kwenye postrm, skripti inayoendeshwa kifurushi kikiondolewa. ucf --purge inafuta kumbukumbu tu. Faili lenyewe pamoja na .ucf-old, .ucf-new na .ucf-dist unayafuta wewe. Ukifuta faili ukasahau kumbukumbu, kifurushi kikisakinishwa tena ucf itadhani mtumiaji ndiye aliyelifuta. Itaheshimu uamuzi huo, na huduma itaanza bila usanidi. Tena, wakati wa purge (kuondoa kifurushi pamoja na usanidi wake) ucf yenyewe huenda imeshaondolewa hata kama uliitaja kwenye Depends, orodha ya vifurushi ambavyo chako kinavitegemea, kwa hiyo:

if command -v ucf >/dev/null; then ucf --purge /etc/mfano.conf; fi

Fanya vivyo hivyo kwa ucfr --purge mfano /etc/mfano.conf. Bila ukaguzi huo, skripti yenye set -e (inayosimama amri ikishindwa) hukwama na kifurushi hakiondoki.

Kama chanzo kina njia isiyobadilika, andika chanzo na mahali faili linapowekwa katika debian/mfano.ucf, na dh_ucf, zana ya kujenga vifurushi, itakuandikia vipande vya postinst na postrm.