Tumelala Chini ya Pikapu Gerezani: Chasisi Iongezwe Nguvu?

Wadau, habari za saa hizi. Mnisamehe kwa kelele, hapa ni Gerezani, Dar, na jirani anakata chuma kwa grenda. Nikimwomba asimame dakika tano atanidai hela ya dakika tano. Leo siendeshi gari. Leo nalala chini ya gari, kwa sababu ya lile swali: viwanda viongeze nguvu kwenye chasisi za pikapu, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, au viziache?

Mpiga picha, sogea. Mnauona huu mwanya kati ya kebini na bodi ya nyuma? Pikapu ikiwa nzima, mwanya unalingana juu mpaka chini. Sasa angalia. Chini vidole viwili vinapita bila shida. Juu kinapita kimoja, tena kwa kulazimisha. Hii imepinda mgongo. Kampuni iliyoiunda siitaji, na mwenye gari kaniomba nisionyeshe namba. Anapeleka mafundi saiti huko ndani ya Kimbiji, na anayezijua njia za Kigamboni wakati wa masika anajua watu wanavyoingia kwenye korongo kwa mwendo ili wasinase.

Mwanya ukibana juu namna hii, ujue gari liliruka likatua. Ekseli mbili zinasukuma kwenda juu, uzito wa katikati unashuka, chasisi inabonyea kama ubao wa kuvukia mtaro. Ukikuta kinyume chake, juu pameachana na chini pamebana, huyo alipakia: matofali yalirundikwa nyuma ya ekseli, mkia ukalala. Unapoenda kununua pikapu iliyotumika, anza na huu mwanya kabla hujafungua hata boneti. Dalali atakwambia bodi ilishushwa kupigwa rangi ikafungwa vibaya. Mwache aongee.

Haya, twende chini. Nipe taa. Hapo juu ya ekseli kuna mpira wa kuzuia. Springi zikilala kabisa, ekseli inaugonga huo mpira, na mpira umefungwa kwenye chasisi. Umeona rangi ilivyochanika? Pitisha kidole: chuma kimefanya kunyanzi, kama shati lililokaliwa. Na ni hapa tu. Huko mbele chasisi imenyooka kama ilivyotoka kiwandani.

Kisa hiki si kigeni. Ford walipotoa F-150 Raptor, toleo la 2010 kule Marekani, gari la kukimbiza jangwani, wapo wamiliki waliolalamika kwamba chasisi imepinda sehemu ya nyuma baada ya kuruka. Ubishi ukawa uleule wa siku zote: kampuni inasema wewe umelitesa gari, mnunuzi anasema wewe ndiye uliyenionyesha kwenye tangazo likipaa. Mimi nasimama na mnunuzi. Ukiliuza gari kwa picha ya kuruka, chasisi yake ijue kutua. Na inawezekana, maana Ranger Raptor, pikapu nyingine ya Ford, ilipokuja 2018, chasisi yake ilikuwa imeimarishwa kuliko ya Ranger ya kawaida.

Sasa hapa ndipo nitakapogombana na baadhi yenu mnaosema viwanda viweke tu chuma kinene, basi. Hiyo Ranger Raptor ya kwanza ilipimwa kuvuta trela la kilo 2,500. Ranger ya kawaida, kilo 3,500. Nyuma walitoa springi za majani wakaweka za koili ili ikimbie kwenye mashimo. Yaani gari la kuhimili porini na gari la kubeba saruji ni vitu viwili, na sisi Dar tunataka vyote viwili kwa bei ya kimoja.

Halafu chasisi haikuumbwa iwe ngumu kila mahali. Tazama Kenta au Fuso ikipanda tuta kwa tairi moja: chasisi inajisokota, mzigo unayumba, ikishuka inarudi. Wajerumani kwenye Unimog, lori lao la porini, waliiacha chasisi ijisokote makusudi, bodi ikakalishwa juu yake kwa namna ya kuuruhusu huo msokoto. Wacheki wa Tatra, watengeneza malori, wao tangu 1923 wanatumia bomba moja nene katikati badala ya fremu ya kawaida. Ukikaza sehemu moja tu bila hesabu, mpindo hauondoki, unahamia pembeni.

Mnataka ushahidi? Geuza kamera upande wa kushoto. Hii pikapu ilishapigwa kiraka siku za nyuma. Bamba limekatwa mraba, likachomelewa pande zote mpaka kwenye kingo. Na ufa mpya uko wapi? Umeanzia palepale bamba linapoishia. Chuma cha chasisi nyingi za sasa ni cha nguvu ya juu, ukikipasha moto hovyo kinalegea. Bamba lingekatwa mshazari, likafungwa kwa bolti kwenye ubavu, bila kutoboa kingo za juu na chini, tungekuwa tunaongea mengine.

Kwa hiyo ninachokitaka kiwandani ni kidogo. Gari lililopewa jina la porini lije limeimarishwa pale mpira unapogonga na pale nyuma ya kebini, na huo mpira uwe mrefu, laini, uanze kuzuia mapema badala ya kugonga kama nyundo. Pikapu ya mzigo iacheni ilivyo. Ukiiongezea kilo mia za chuma, umempunguzia mwenye duka mifuko miwili ya saruji kila safari.

Ila mwenye hii naye hajasalimika. Hesabuni majani ya springi. Mawili ya juu rangi yake ni tofauti, yameongezwa mtaani. Springi zimekuwa ngumu hazinesi, chasisi ndiyo ikageuka springi. Fundi ameshauri yatolewe.

Ngoja, simu. Ni mwenyewe. Anauliza ikishanyooshwa kama tunaweza kumuongezea jani la tatu.