Madison Square Garden: hoki leo, roki kesho

Kwa shabiki anayesafiri kuwaona Rangers, timu ya hoki ya barafuni, kisha abaki New York kwa tamasha la roki, ukumbi huu haushindiki kwa usafiri: uko juu ya stesheni ya Penn. Gari liache nje ya Manhattan, uingie kwa treni.

Hoki huchukua watazamaji 18,006. Safu za mbele kabisa zinasifiwa mno. Kioo kinachozunguka uwanja kikishachubuka, kisahani cha mpira kinachochezewa hupotea machoni. Panda safu kumi hivi, uone pasi zikijengwa. Mapumziko ni dakika 18, na ukichelewa kurudi utazuiwa mlangoni hadi mchezo usimame.

Usiku wa tamasha barafu haiyeyushwi, hufunikwa tu kwa mbao. Tiketi yako ni ya sakafuni, juu ya mbao hizo? Vaa soli nene, maana baridi hupenya. Na vizibo vya masikio, tafadhali.