Bustani ya vipepeo: wa mchungwa na mwenye sura nyingi

Bustani ya vipepeo niliyoitembelea pwani ya Kenya ni banda moja refu lililofunikwa kwa wavu, na asiyejua anachokitafuta hulimaliza kwa dakika kumi. Mimi nilikaa humo karibu saa mbili kwa ajili ya spishi mbili tu, zote za familia ya Papilionidae.

Papilio demodocus ni yule ambaye kila mwenye mche wa mchungwa au mndimu amewahi kumwona, hata kama hajui jina lake. Ni mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, na hana mkia. Kiwavi wake akiwa mchanga hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa wa kijani, na akiguswa huchomoza nyuma ya kichwa kiungo cha rangi ya chungwa, chenye panda mbili, kinachotoa harufu kali. Mhudumu alimgusa mmoja kwa ncha ya kijiti, watoto wakaruka nyuma huku wakicheka, na kwa dakika hizo kiingilio kilikuwa kimelipa.

Hata hivyo, aliyenishika zaidi ni Papilio dardanus. Dume ana rangi ya manjano ya maziwa, kingo nyeusi na mkia katika kila bawa la nyuma, lakini jike wa huku kwetu hana mkia huo wala hafanani na dume kabisa: yuko mweusi mwenye madoa meupe, anayeiga vipepeo wa jenasi ya Amauris, na yuko wa rangi ya chungwa, anayemwiga Danaus chrysippus. Hao wanaoigwa ni wabaya kwa ladha, na ndege aliyekwisha kuwaonja huwaacha wote wanaofanana nao. Zaidi ya hayo, majike wa sura tofauti wanaweza kuzaliwa na mama mmoja, ilhali Ethiopia wako majike wenye mkia na rangi ya dume.

Kwa bahati mbaya bango la bustani lina picha ya dume peke yake, hivyo wageni wengi walimpita jike aliyetua hatua moja tu kutoka hapo, wakidhani ni spishi nyingine. Kosa hilo ni kubwa, kwani limeficha jambo lenye thamani kuliko yote yaliyomo bandani.

Nenda saa nne asubuhi jua likiwa limewaka, kwa sababu kukiwa na mawingu vipepeo hujificha chini ya majani, na umwombe mhudumu akuonyeshe jike.