Gombe au Mahale? Mwongozo wa kuchagua safari ya sokwe ukiwa Kigoma

Kila kiangazi kikianza, ndugu na jamaa wanaojipanga kuja Kigoma likizo huuliza swali lile lile: twende Gombe au Mahale? Kabla ya kujibu nami huwauliza mawili. Mko wangapi, na mna siku ngapi? Hifadhi zote mbili ziko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, zote zina sokwe waliozoea kuonwa na watu, na ndani ya zote mbili unatembea kwa miguu. Kinachozitenganisha hasa ni boti. Raia analipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo pesa yake kubwa inaishia kwenye mafuta ya injini. Hesabu ya boti ndiyo imenipa mpangilio huu.

Ya kwanza: Gombe

Kwa familia ya watu wazima, wanafunzi wa chuo, au mtu anayesafiri peke yake na mfuko wa kawaida, naiweka Gombe mbele bila kusita. Iko kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji wa Kigoma, na ndiyo pekee kati ya hizi mbili unayoweza kuifikia kirahisi kwa boti ya abiria. Boti hizo zinaondokea Kibirizi, karibu na mji, mchana, zikiwarudisha watu wa Mtanga, Mwamgongo na vijiji vya juu kuelekea mpaka wa Burundi. Utakaa kwenye ubao katikati ya kreti za soda, magodoro, mifuko ya saruji na akina mama wanaotoka sokoni, jua likiwa kichwani. Beba kofia na maji. Boti haina haraka, inasimama kila kijiji, na safari inaweza kuchukua saa tatu au zaidi.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Boti ya abiria inakushusha Kasekela, ndani ya hifadhi, jioni, na ya kurudi mjini inapita asubuhi. Ukilala usiku mmoja tu, umelipia kitanda na kiingilio ukaondoka bila kuingia msituni. Panga usiku mbili: siku ya kwanza kufika, ya pili sokwe, ya tatu kurudi. Mkiwa watano au sita, kodini boti yenu. Mtafika kwa muda mfupi zaidi, na mkigawana gharama tofauti na nauli ya kawaida haitawaumiza sana.

Mnachokinunua ni cha pekee duniani. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alishuka kwenye ufukwe huu Julai 1960, na mwaka huo huo alimwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akichomeka jani kwenye kichuguu, akilivuta na kula mchwa walioling'ang'ania. Goodall alifariki Oktoba 2025, lakini kumbukumbu za familia za sokwe wa Kasekela zinaendelea kuandikwa. Watoto hupewa majina yanayoanza na herufi ya mama yao: Flo akamzaa Fifi, Fifi akawazaa Freud na Frodo. Mwombe askari anayekuongoza akueleze ukoo wa sokwe aliye mbele yenu. Saa yako moja ya kukaa na sokwe itakuwa na utamu mwingine kabisa.

Upungufu upo. Gombe ni ndogo, kilomita za mraba 52 hivi, na mabonde yake yana miteremko mikali. Sokwe wakiwa juu, utapanda hadi magoti yalalamike. Halafu kuna nyani: usiache chakula wala mlango wazi hata kwa dakika moja.

Ya pili: Mahale

Mwenye wiki nzima na pesa ya kutosha ageuze mpangilio wangu juu chini. Mahale ina kilomita za mraba 1,613, na Mlima Nkungwe, ambao Watongwe, wenyeji wa eneo hilo, wanauheshimu tangu zamani, unafika mita 2,462. Msitu unashuka mpaka kwenye mchanga mweupe. Ukisimama ufukweni unaona maji maangavu upande mmoja na ukuta wa kijani upande mwingine, na mara nyingi hakuna mgeni mwingine karibu. Kwa uzuri wa mahali, Gombe haifui dafu.

Sokwe wake nao wana desturi zao. Watafiti wa Kijapani kutoka Kyoto wamekuwa hapo tangu 1965, na kundi la M ndilo wageni wanaloonyeshwa. Hawa huvua sisimizi wa kwenye miti kwa vijiti, na wawili wakichambuana manyoya hushikana mikono juu ya vichwa, kitu ambacho si desturi ya wenzao wa Gombe. Kwa aliyekwisha kwenda Gombe, hiyo peke yake inatosha kumfungisha mzigo tena.

Tatizo ni umbali. Kutoka Kigoma ni zaidi ya kilomita 120 kusini, na upepo wa kusini wa miezi ya Mei hadi Agosti unakuja usoni mwa boti. Ndege ndogo zinatua huko, lakini bei zake zimepangwa kwa wageni wa kambi za kifahari. Mwananchi atafikia mabanda ya hifadhi, abebe unga, mchele na dagaa wake. Msipofika watu sita wa kugawana boti, subirini mwaka mwingine. Na msipange tarehe kwa kutegemea MV Liemba, meli kongwe ya ziwa hili, kabla ya kuuliza bandarini kama inasafiri.

Ya tatu: kubaki mjini

Mwenye watoto wadogo aanzie hapa, kwa sababu hifadhi zina umri wa chini kwa wanaofuata sokwe. Jakobsen, karibu na Katonga, pana ufukwe safi na pundamilia wanaozurura. Ujiji pana kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana 1871. Migebuka wa kuchoma hata mtoto asiyependa samaki atawamaliza.

Kabla hujatoa pesa

Julai hadi Oktoba njia ni kavu, na sokwe huonekana kwa urahisi zaidi. Mwenye mafua haruhusiwi kuwafuata, maana ugonjwa wetu unawaua. Usiufiche kwa kuwa umeshalipa. Barakoa utavaa, na umbali wa mita 10 ni sheria hata sokwe akionekana mpole.

Kwa mwenye boti uliza bei mbele ya wenzako wote: mafuta yamo? Siku anazowasubiri analipwa ngapi? Ana injini ya akiba? Majaketi okozi yanatosha kila mtu, na uyaone kwa macho, uvute mikanda yake. Akisema yapo nyumbani, nenda kwa mwingine. Ondokeni alfajiri, ziwa likiwa bado limetulia.

Malipo ya hifadhi yanafanywa kwa namba ya kumbukumbu, si kwa noti mkononi, kwa hiyo yakamilishe ukiwa bado Kigoma mjini, ambako mtandao na wakala wa benki wapo, na uchapishe risiti nakala mbili.