Jaketi la ngozi la milioni mbili juu ya vespa: uzoefu wangu kati ya Mjini na Paje

Nianze na bei, maana ndiyo inayoulizwa kabla salamu hazijesha. Ukigeuza pauni kuwa shilingi, jaketi hili linapita milioni mbili. Pesa ni zangu, za akiba. Kaka yangu anayeishi London ndiye aliyeingia dukani akalibeba hadi Unguja. Kampuni siitaji. Ni moja katika zile zinazouza nguo za mtindo wa pikipiki kwenye maduka ya vioo vitupu, ambako harufu ya petroli ingewatia wauzaji mafua.

Mie naendesha vespa. Naishi Fuoni, kazi zangu nyingi ziko mjini, na baadhi ya siku nakwenda Paje kufunga hesabu za hoteli ndogo ya ufukweni. Kwa hiyo sikulitaka la kupigia picha Forodhani tu. Nililitaka lipendeze na lifanye kazi, na haya ninayoandika yanahusu pale mambo mawili hayo yanapogombana.

Kwa kupendeza, wallahi silisemi vibaya. Jeusi, ngozi ya kondoo, laini mpaka unataka kulishika wakati wote. Kola pana, zipu inayokatiza kifua kwa mshazari, mkanda wenye bizimu kiunoni, vibao begani. Ukilivaa juu ya baibui na mtandio wa rangi moja, watu wanageuka. Njia ya Tunguu trafiki alinisimamisha akaanza na Kiingereza, akaniomba kibali cha wageni cha kuendeshea. Nilipomjibu "Kaka, mie wa Fuoni", alicheka, akanitazama begani, akasema endelea. Mama yangu hakucheka. Aliligeuza ndani nje, akauliza, "Mwanangu, hili la baridi ya wapi?"

Suali la mama nitalirudia. Kwanza umbo lenyewe, maana hapo ndipo niliposhangaa zaidi.

Umbo hili halikutoka kwa watu wa mitindo. Mwaka 1928 Irving Schott wa New York alitengeneza jaketi la ngozi lenye zipu kwa ajili ya waendesha pikipiki, akaliita Perfecto, jina la aina ya sigara nene aliyoipenda. Wakala wa pikipiki za Harley-Davidson wa Long Island aliliuza kwa dola 5.50. Ukilitazama la namna ile unaona kila kilichopo kina sababu. Zipu imekwenda mshazari ili kifuani ngozi ipandane mara mbili, upepo usipite, na dereva akiinama juu ya tangi la mafuta isimchome tumboni. Mikono ina zipu kwenye kifundo: ukifunga, upepo hauingii kwapani, ukifungua, glavu inapita. Ncha za kola zina vifungo vya chuma vya kubana ili zisimpige usoni akishika mwendo. Mengi ya mtindo huo yana na marinda mawili nyuma ya mabega, yanayofunguka mikono ikinyooshwa mbele.

Sasa njoo kwenye langu. Zipu za vifundo zinapanda na kushuka vizuri, lakini nyuma yake ngozi imeshonwa moja kwa moja. Unafungua, hakuna kilichofunguka. Mifuko ya nje iko minne kwa kuhesabu, na mmoja wake una zipu bila mfuko. Kaka alilijaribu la kiume palepale dukani, vifundo vinafunguka na mifuko yote inaingia mkono. La kike likapewa picha ya mfuko. Nyuma hakuna marinda. Mkanda unafika kwenye bizimu, lakini ukiukaza unakunja ngozi tu, kiuno hakibani chochote kwa sababu jaketi limekatwa fupi na linaishia juu ya pale upepo unapoingilia.

Hapa ndipo palipo ugomvi wangu na bei. Sidai nguo ya mtindo iwe ngao. Lakini zipu ya kweli na zipu ya uongo zinakula chuma kilekile na zinamchosha fundi yuleyule. Aliyekata tundu la mfuko asitie mfuko ameamua kwamba mimi sitoingiza mkono humo. Ameamua kunihusu, na nimelipia uamuzi huo.

Tena vespa haikaliwi kama pikipiki kubwa. Unakaa wima, magoti pamoja, mikono mbele. Mikono ya jaketi hili imeshonwa kwa mtu aliyesimama mikono chini, kwa hiyo nikishika usukani inapanda hadi karibu na katikati ya kigasha, na kola inanisukuma kidevu. Majaketi ya kuendeshea hukatwa mikono ikiwa imepinda kidogo tangu mwanzo. Ukiyavaa umesimama yanaonekana ya ajabu kidogo, ukikaa yanakaa. Langu kinyume: mbele ya kioo malkia, barabarani kero.

Jambo moja limenifurahisha, na sidhani kama waliolishona walilifikiria. Vile vifungo vya kola. Mtandio ni mtihani juu ya chombo: ukiuachia ncha unapeperuka, ukiufunga sana shingo inachemka, na ncha ikirukia gurudumu ni hatari ya kweli. Mie napitisha ncha zote mbili chini ya kola, nabana vifungo, na hazitoki mpaka nifike. Pini zinatoka, zinadondoka, zinachoma. Hivi havijanitoka hata mara moja. Ningekuwa naligawia nyota, kola ningeipa peke yake.

Nirudi kwa mama. Baridi ya wapi? Jibu la haki ni kwamba ipo, ila kidogo. Kusi likikolea, kuanzia Juni, ukitoka alfajiri na kupita msitu wa Jozani kivuli kikiwa bado kizito, jaketi la ngozi ni neema. Kati ya Jozani na Kitogani nilikuwa nikifika na meno yakigongana, sasa sivyo. Jioni pia, kurudi na upepo wa bahari, sawa kabisa. Lakini kaskazi, Disemba mpaka Februari, ni habari nyengine. Ngozi haina pa kupitishia hewa, na bitana ya ndani ni ya nailoni inayogandamana na mkono. Ukiwa kwenye mwendo unavumilia. Ukikwama Mwanakwerekwe nyuma ya daladala saa saba mchana, jasho linashuka mgongoni na unafika ofisini unanukia kazi ya jana. Masika nayo usiniulize. Ngozi ya kondoo ikirowa inakuwa nzito, ikikauka vibaya inakakamaa.

Kuhusu usalama nitasema wazi, kwa sababu wengi wanadhani ngozi ni ngozi. Sio. Majaketi ya ngozi ya kuendeshea huwa ya ng'ombe, unene wa milimita 1.2 mpaka 1.4 hivi. Hili langu halifiki hata milimita moja. Kule Ulaya nguo inayouzwa kama kinga ya mwendesha pikipiki inapimwa kwa kiwango cha EN 17092, kilichotoka mwaka 2020, na kupewa daraja: AAA ndiyo ya juu, kisha AA, A, B na C. Lebo ya ndani inakuwa na alama ya CE, ile ya kuonyesha kitu kinatimiza masharti ya Ulaya, kipicha cha pikipiki na herufi za daraja. Ndani ya langu kuna jina la kampuni kwa uzi wa dhahabu na maelekezo ya kutolifua. Ndiyo maana wanaandika "mtindo wa pikipiki" na sio "jaketi la pikipiki". Wakiita kinga, sheria inawadai vipimo.

Nimeyajua haya kwa kiwiko pia. Paje, upepo wa kusi unaleta mchanga juu ya njia, na kona ya kuingilia hotelini ni mawe ya matumbawe. Gurudumu la mbele liliteleza nikiwa natambaa tu, nikaegemea upande wa kushoto. Kiwiko cha jaketi kilichunika kama ganda la ndizi mbivu, bitana ikatokeza, na chini yake ngozi yangu ikapata mkwaruzo. Alhamdulillah hapakuwa na zaidi. Lakini kwa mwendo ule hata shati nene la jinzi lingefanya kazi hiyohiyo. Ndani ya kiwiko hapakuwa na pedi wala mfuko wa kuitilia pedi.

Fundi viatu mmoja wa Darajani alinisaidia. Alitia kiraka ndani kwa gundi, akakishona kwa sindano ya ngozi, taratibu, huku akinisomesha. Kwenye kitambaa ukikosea mshono unafumua unaanza tena. Kwenye ngozi kila tundu la sindano linabaki palepale milele. Mpe mtu anayejua, na mkubaliane pa kushona kabla hajaanza. Kazi yake ni nzuri kiasi kwamba shoga yangu alidhani kile kiraka ndio mtindo wenyewe.

Utunzaji, hapa visiwani, ndio unaomaliza watu. Unyevu wetu unapenda ngozi. Niliporudi kutoka harusini Pemba, jaketi nililoliacha kabatini lilikuwa limeota koga jeupe kwenye kola na chini ya kwapa. Halikuharibika: unalifuta kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, unalitundika kivulini pepo zikipita, kisha unalipaka mafuta maalumu ya ngozi. Usilianike juani, jua letu linaikausha mpaka inapasuka. Usilitie kwenye mfuko wa plastiki hata kama ndio liliokuja nao, plastiki inafungia unyevu ndani. Na yule atakayekwambia mafuta ya nazi, msikilize kwa heshima usimfuate. Mafuta ya nazi ya kupika nyumbani yanachacha na kunuka baada ya muda, na yanaiacha ngozi na madoa ya kiza. Zipu zikianza kugoma kwa chumvi ya bahari, zisugue kwa mshumaa. Mie kabati langu nalifukiza udi kila Ijumaa, sasa jaketi la kihuni linanukia bibi harusi, na nimeamua hivyo ndivyo litakavyokuwa.

Kwa safari za Paje za mchana siku hizi navaa kitu chengine: jaketi la wavu, la mtumba, nililolipata Darajani kwa shilingi 80,000. Baya. Rangi ya kijivu na mstari mwekundu, linanifanya nionekane mtu wa kampuni ya simu. Lakini kifua na mikono ni wavu mgumu, hewa inapita moja kwa moja, na mabegani na viwikoni kuna pedi. Ukitafuta la namna hii kwenye mitumba, toa pedi uzitazame: nzuri huwa zimeandikwa EN 1621-1, kipimo cha Ulaya cha pedi za waendesha pikipiki, na namba ya daraja, 1 au 2, ya 2 ikiwa inapunguza mshindo zaidi. Kisha zikunje. Zikibaki na ufa au zikitoa unga, zimezeeka, nunua jaketi lenyewe utafute pedi nyengine. Wifi yangu ananiambia nalidhalilisha lile la ngozi kwa kuvaa hili. Yeye hajawahi kukaa foleni Mwanakwerekwe na nailoni mgongoni.

La ngozi sikuliuza na siliuzi. Ni nguo ya jioni, ya kusi, ya safari fupi ya mjini, na nikivuka kwenda bara upande wa Arusha au Lushoto, ndilo la kwanza kuingia begini, huko mama hana la kuuliza. Kwa kazi hiyo linanistahili. Kwa milioni mbili na vifundo vya uongo, nyota tatu kati ya tano, moja ya kola, moja ya ngozi, moja kwa sababu trafiki alinipisha.

Kama na wewe unalitaka, usilijaribu ukiwa umesimama mbele ya kioo. Vaa na mtandio wako na nguo utakayovaa chini yake, tafuta kiti, kaa, nyoosha mikono mbele kana kwamba umeshika usukani, kisha tazama vifundo vimepanda hadi wapi. Fungua kila zipu na utie kidole ndani. Kama mikono imepanda sana, saizi kubwa zaidi itakuongezea mabega tu, haitakuongezea urefu wa kutosha, tafuta mkato mwengine. Na muuzaji akikuangalia vibaya umekaa pale mikono mbele katikati ya duka la vioo, mwambie vespa inakaliwa hivyo.